Kidole Kabla ya Dawa

Ufukoni mwa ziwa, mtaani Kavimvira, mama anayetia klorini kwenye maji ya watu haanzi na sindano yake ya kupimia dawa. Anaanza na kidole, kilichopauka kwa dawa. Anakiingiza mdomoni mwa bidoni, dumu la mtekaji, anapapasa ukuta wa ndani. Kikiteleza, anamwaga maji yote, hata foleni inung'unike vipi. "Tia muchanga, utikise."

Leo Noella, mmoja wa walio foleni, amerudishwa kusugua bidoni mara ya pili. "Mama, maji si iko safi?"

"Mikrobi za kolera zikiogelea, dawa inaziua. Zikishika ukuta, zinajifunika ule utelezi, dawa inashindwa. Kesho zinaachia, zinaogelea tena mu kikombe cha mutoto."

"Na bidoni ya kwenu haijawahi kuteleza?"

Mama akachomoa kidole.

"Iliteleza mara moja. Nikasema ni kitu kidogo, nikamupa mutoto wangu kunywa."

Akakifuta kwenye kitenge, akakiingiza katika bidoni iliyofuata.