Barua za Kiingereza Mezani Kwangu

Tulipopewa nyumba ya matofali katika kambi ya wafanyakazi, Kolwezi, mume wangu alikuwa karani kwenye magazini, yaani bohari, ya vyuma vya mashine. Vyuma vingi vilitoka ng'ambo ya mpaka, Rhodesia, na karatasi zake zilikuja kwa Kiingereza. Mzungu wake akasema karani atakayeweza kuzijibu atapewa meza yake peke yake. Mume wangu alijua Kifaransa cha mapadri, tena kizuri, lakini Kiingereza hakujua hata salamu. Akatafuta mwalimu, na mwalimu aliyempata alikuwa mwanamke.

Alikuwa mjane wa Kibemba, aliyerudi kutoka Kitwe baada ya kufiwa na mumewe. Kule alikuwa akimpigia Mhindi mmoja wa duka barua kwa mashine. Alikuja kwetu jioni, mume wangu akiisha kuoga, wakakaa mezani, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe. Kufuma nilijifunza fuaye, nyumba ya mafunzo pale kambini, ambako mabibi wa Kizungu walitufundisha sisi wake za wafanyakazi kushona, kupiga pasi na kuogesha watoto. Kifaransa hawakutufundisha. Mimi nilikaa nje ya mlango wa nyuma, napuliza makaa ya mbabula, masikio yangu yote yako ndani.

Kilichoniuma si uzuri wake. Mume wangu alikuwa akimsikiliza. Tangu anioe sikuwahi kumwona akinyamaza mwanamke anaposema, lakini mbele ya huyu alishika penseli akingoja midomo yake ifunguke. Akikosea, anacheka kama mvulana. Mimi nikimwambia chumvi imekwisha, ananijibu bila kuinua macho.

Nilishika maneno yao bila kujua maana, nikayasema peke yangu nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Moja lilirudi kila jioni: "dia". Mume wangu alilisema akimtazama yule mwanamke usoni. Na kila mara, kabla hawajafunga, alisema "yozi fethifuli", polepole, kama mtu anayeweka ahadi.

Nikaenda kwa jirani yetu, fundi wa kushona aliyewahi kukaa Luanshya.

"Tata, 'dia' ni nini?"

"Ile ni mupendwa, mama."

"Na 'yozi fethifuli'?"

Akasimamisha cherehani. "Ni kusema, mi niko wako, muaminifu. Nani alikuambia vile?"

"Hakuna mutu," nikasema, nikaondoka mbio kabla hajaniona uso.

Somo lililofuata nililingojea kama mtu anayengojea ugomvi. Mume wangu alipotamka tu "dia", nikaingia na mwiko mkononi, bado una bukari.

"Mupendwa nani, humu mu nyumba yangu?"

Mume wangu akaruka. "Mama, hauna haya? Ile ni barua ya kazi!"

"Barua ya kazi inasema mupendwa?"

Yule mwanamke hakucheka, wala hakuinuka. Alijisogeza kwenye benchi, akapiga nafasi tupu kwa kiganja. "Ikala hapa, mama." Nilipokaa, akaweka kidole juu ya karatasi, akanisomea akigeuza kila neno kwa Kiswahili. Mpendwa Bwana, tumepokea masanduku ya mipira ya pampu. Mengine yamefika yamepasuka. Tafadhali tutumieni mengine upesi. Wako mwaminifu.

"Baingereza banaandika vile kwa kila mutu," akaniambia. "Hata kwa mutu banamuchukia."

Ningepaswa kupoa. Badala yake wivu ulihama tu mahali, ukanikaa kifuani. Nilikitazama kile kidole kikitembea juu ya maneno, kikijua neno hili linasema nini na lile linasema nini. Mimi herufi nilizijua, kitabu cha sala nilikisoma, lakini pale mezani kwangu nilikuwa kama mgeni.

"Mi pia unifundishe," nikasema.

Mume wangu akacheka. "Utamuandikia nani?"

"Tata," akasema mwanamke, "benchi iko murefu."

Basi nikajifunza: maneno ya kuagiza vitu, ya kushukuru, ya kudai mzigo uliochelewa. Mwalimu aliponisifu, mume wangu alikohoa. Alipomsifu mume wangu, mimi niliinuka nikisema maharage yangu yanaungua, hata kama hayaungui. Nilimwonea wivu mwanamke kwa sababu ya mume, na mume kwa sababu ya mwanamke, maana sifa za mwalimu nilizitaka ziwe zangu peke yangu.

Kabla mvua hazijaisha mume wangu alipewa meza. Alirudi na tai shingoni, akasema, "Masomo imeisha." Mimi hakuna aliyeniuliza.

Muda si mrefu mwalimu akapata kazi Ndola. Nilimsindikiza stesheni, nimejitwika sanduku lake.

"Hauogopi kusafiri weye moja?"

"Naogopa sana, mama. Lakini kule kuko kazi yangu."

Treni ilipoondoka kuelekea Elisabethville, njia ya Ndola, niliumwa na wivu kuliko siku ile ya mwiko. Safari hii mume wangu hakuwamo kabisa. Nilirudi kwa njia ndefu, nyuma ya maduka ya Wagiriki, ili macho yakauke.

Uani kwa Mgiriki mmoja kulikuwa na masanduku ya vitambaa, mwenyewe anageuzageuza karatasi kwa hasira. Nikaona maandishi ni ya Kiingereza. Nilisimama pale kwa muda mrefu mpaka akaniuliza nataka nini.

"Nataka kazi," nikasema.

Mume wangu alinuna hadi Pasaka. Kazi niliifanya.