Nilimfundisha Kusoma, Kisha Nikamwambia Aseme Hajui

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa Garissa tunajuana hadi kwa mwendo. Nina miaka sitini na nane, naishi Iftin, na watu wananiita Mheshimiwa. Wakiniita hivyo siku hizi natazama chini. Mficha uchi hazai, basi nasema.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, si mbali na Masalani. Jioni nilifundisha gumbaru, lile darasa la watu wazima. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa eedo, yaani shangazi yangu, mjane mwenye mbuzi wachache. Siku aliyoandika jina lake mara ya kwanza, aliifunga ile karatasi kwenye pindo la mtandio wake na kuzunguka nayo wiki nzima, akiwaonyesha hata wauza maziwa waliomcheka.

Kisha wazee wakaniambia nigombee udiwani. Nikaacha chaki, na hofu ikaniingia. Kila mtu aliniahidi kura, lakini nani angejua alichoweka kwenye sanduku? Asiyejua kusoma ndiye aliyesaidiwa na karani, akitaja jina la mgombea kwa sauti mbele ya mawakala wetu. Basi nikawaagiza watu wangu wote, hata waliosoma: "Ukifika mezani, sema hujui kusoma." Ujanja wa kipumbavu, lakini wakati ule nilijiona mjanja kweli.

Eedo alikataa. "Mwalimu, mimi nabiga kura mwenyewe. Jina yako naijua kusoma."

Nikamfokea mbele ya wanawake wenzake: "Eedo, unaficha nini? Au umempa mwingine?"

Siku ya kura nilikuwa ndani ya kituo. Karani akamuuliza, "Mama, unajua kusoma?" Hakumtazama karani, alinitazama mimi. "Hapana. Sijui." Akataja jina langu kwa sauti. Astaghfirullah, nilitabasamu!

Nilishinda, na tangu hapo sijatoka kwenye utumishi wa umma, mara kamati hii, mara bodi ile. Eedo hakurudi gumbaru tena. Nilipompelekea daftari alilirudisha. "Mimi sijui kusoma. Serikali ilisikia."

Sasa limejengwa darasa la akina mama, na wiki ijayo linafunguliwa kwa jina langu. Waandalizi wamemchagua eedo, "bibi ambaye hakubahatika kusoma," aweke kidole gumba kwenye kitabu cha wageni mbele ya watu wote. Hata wajukuu wake hawajui kwamba aliwahi kuandika. Nikisema ukweli, heshima yangu imekwisha, na huenda nikamwaibisha yeye mara ya pili.

Jana nilikwenda kumwomba msamaha. Hakunifukuza, alinipa chai. Nilipomuuliza anataka niseme nini siku hiyo, alijibu, "Wewe sema unafyotaka. Kidole yangu iko tayari."

Ndugu zangu, nishaurini. Siku hiyo nitakuwa nimeketi kando yake. Nimsogezee wino, au nimpe kalamu?