Sabuni ya Mama Ukungu

Mke wangu alipika sabuni ya maji miaka ishirini na sita, jikoni, kwenye sufuria moja iliyobonyea. Mafuta ya nazi, potashi, ile dawa kali inayounguza, na maji. Potashi hutiwa kwenye maji. Maji hayatiwi kwenye potashi, labda kama uso wako umekuchosha.

Sabuni yake ilikuwa na weupe kidogo, kama maji ya kuoshea mchele. Mtaa ukamwita Mama Ukungu. Wanunuzi walitaka inayong'aa kama kioo.

"Mnataka ya kuogea au ya kujitazamia?" aliwauliza.

Wakaenda kununua ya kung'aa, wakapata vipele, wakarudi kwake kwa mlango wa nyuma.

Kila alipopika aliijaribu kwangu. Alinishika mkono, akapaka kiwikoni kwa ndani, akauliza, "Panawasha?" Nilisema, "Ngoja kidogo." Hapakuwasha. Sikutaka tu auachie mkono wangu.

Alipofariki, mtaa mzima ulikuja kumsifu. Jirani yetu, tunayemwita Profesa kwa sababu ana simu kubwa, alihutubia robo saa juu ya sabuni ambayo hakuwahi kuinunua.

Ikabaki chupa moja. Mke wa mwanangu, tunayekaa naye, ana mtoto mchanga. Ngozi ya mtoto haitaki sabuni nyingine.

"Baba, jaribu kupika," aliniambia. "Ukishindwa, ile sufuria naitoa. Jiko lenyewe dogo."

Hakukosea. Ila mimi niliona mwenzangu anatolewa nyumbani mara ya pili.

Nikapika. Ikatoka na ukungu. Profesa akachungulia.

"Mzee, imeharibika hiyo. Ongeza potashi itakate."

"Umewahi kupika wewe?"

"Mambo ya kisasa hayo, mzee. Siku hizi mtu anatazama tu."

Mimi sikusoma. Nikaongeza. Ikang'aa! Majirani wakaja kuitazama kama bibi harusi. Nikapaka kiwikoni, nikaruka kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto.

"Sabuni nzuri hiyo," Profesa akasema, mguu mmoja ukiwa nje. "Ya kusugulia sakafu."

Ndipo ikaniingia. Ule ukungu haukuwa kasoro. Ni mafuta yaliyozidi kidogo, ambayo potashi haikuyamaliza. Hayo ndiyo yaliyofanya sabuni iwe laini. Miaka ishirini na sita nimeshikwa mkono, sikuuliza hata siku moja.

Nikamwaga ile. Nikapika upya, mafuta kwa kikombe cha mke wangu, potashi kwa mizani yake, sikuongeza kitu. Profesa alipobisha hodi nilijifanya nimelala. Nikaiacha itulie wiki mbili. Ikatoka na ukungu.

Mkwe wangu akaja, akanishika mkono, akapaka.

"Panawasha, baba?"

Hapakuwasha.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Akangoja. Kisha akaiosha sufuria, akaitundika tena jikoni, kwenye msumari wake.