Dawa ya Pamba Kwenye Maji ya Kuku

Kabla hujawapa kuku wako hiyo dawa, mwanangu, kaa kwanza. Iko siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Nilikuwa mkamwana mpya, huko upande wa Runzewe, miaka ya tisini.

Mume wangu alikuwa Nyarugusu akichimba dhahabu. Mimi nilibaki na wakwe zangu na binti yetu Milembe, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kuku wa mama mkwe, niliyemwita Mayu, walikuwa wamekonda, manyoya yamewasimama, wanakula na hawanenepi. Siku nilipompasua mmoja kumtoa utumbo, nikakuta minyoo myeupe imejaa kama tambi. Nilikuwa mjuaji siku hizo. Nikawaza, dawa inayoua funza wa pamba itashindwaje na minyoo? Asubuhi, mama mkwe akiwa kisimani, nikamimina kifuniko kimoja cha dawa ya pamba kwenye kigae cha maji ya kuku, nikaenda zangu shambani kupalilia.

Mchana narudi, nakuta tumepata mgeni, kaka yake baba mkwe kutoka Ushirombo, na nyama inachemka jikoni.

"Yule tetea mwekundu alikuwa anasinzia uani," mama mkwe akaniambia, amefurahi. "Nikasema nimuwahi kabla hajafa."

Ndivyo tulivyozoea, kuku akianza kusinzia anachinjwa. Nikachungulia uani. Wengine wawili walikuwa wamelala karibu na kigae, midomo wazi.

Nilipaswa kusema pale pale, lakini niliogopa. Mkamwana ambaye mumewe hayupo aseme ametia sumu nyumbani kwa wakwe zake, nani angengoja kusikia habari za minyoo? Siku zile mwanamke akishanong'onwa ni mchawi, alilala bila kujua kama ataamka. Niliwaona watu na mapanga yao humu kichwani, mchana kweupe.

Basi nikasonga ugali. Nikawapelekea wanaume chakula barazani, nikapiga magoti, nikawanawisha. Firigisi ya baba mkwe ilikuwa juu kabisa ya bakuli.

"Ahsante, Mama Milembe," akasema.

Nikainuka, nikarudi jikoni. Huko nikamkuta mama mkwe amempakata Milembe, anampulizia supu kwenye kijiko.

"Mayu, usimpe," nikasema. "Nilitia dawa ya pamba kwenye maji ya kuku."

Alitupa kijiko, akakimbilia barazani, akanyakua bakuli mbele ya wazee. Baba mkwe alikuwa hajagusa kitu, lakini mgeni alikuwa ameshameza tonge moja na mchuzi. Tulikaa tukimwangalia mpaka jua likazama. Kila alipokohoa, mimi nilikuwa nakufa. Alitapika, tumbo likamsokota, kisha akatulia. Mungu alinisitiri tu.

Baba mkwe hakunigombeza. Kesho yake alimleta bwana mifugo, ambaye alituonyesha dawa ya minyoo ya kuku na jinsi ya kuipima. Ni mama mkwe aliyesubiri tubaki wawili.

"Kumbe mdomo ulikuwa nao," akaniambia taratibu. "Na bakuli la wazee ulilipeleka wewe mwenyewe."

Maneno hayo, mwanangu, nimeyabeba mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilize. Minyoo ya kuku ina dawa yake, na dawa ya shambani ibaki shambani. Muulize bwana mifugo kipimo, na umuulize pia ni siku ngapi nyama na mayai yasiliwe. Fagia kinyesi bandani, maana mayai ya minyoo yamo humo humo, na vifaranga uwatenge na wakubwa. Kuku aliyesinzia usimle kabla hujajua kilichomsinzisha. Na ukikosea, kwa sababu utakosea tu, sema nyama ikiwa haijafika jikoni, hata kama sauti inakukauka kwa hofu.

Mungu aibariki mikono yako na banda lako, mwanangu, na akujalie kumwogopea mzazi wa mwenzio kama unavyomwogopea mtoto uliyemzaa.