Gadi Aliyekwama Mlangoni

Enzi zetu, sisi tuliokulia Viwanja Sitini miaka ya tisini, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Alikitengeneza mwenyewe. Gari lilikuwa kopo la mafuta lenye magurudumu ya kandambili zilizokatika, mpira ulikuwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, na mtoto wa bandia alikuwa gunzi la hindi bichi na nywele zake. Shuleni tulikwenda na ufagio na kidumu cha maji. Tukirudi tulipitia mashine ya kukoboa mpunga, kunusa tu pumba za moto, huku tukikwepa baiskeli, maana Ifakara ya wakati ule mwenye baiskeli ndiye aliyekuwa mwenye barabara.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba nyumba yetu ilipopata treni ya kuchezea, ya bati, ya kutiwa ufunguo, watoto wa mtaa mzima walihamia barazani kwetu.

Ililetwa na mjomba Zakaria, kaka yake mama. Kwa miaka mingi alikuwa gadi wa treni, yule anayesimama kwenye behewa la mwisho na bendera ya kijani kumruhusu dereva aondoke. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu aliacha kazi, akaja kuishi nasi. Treni ile alipewa zamani na mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na kichwa, mabehewa matatu, na vipande vya reli vya kuunganisha vikawa duara.

Behewa la mwisho ndilo lililotumaliza. Treni ikitembea kidogo, mlango wa behewa hilo ulifunguka, akatoka gadi wa bati mwenye urefu wa kidole cha mwisho, akainua bendera, akarudi ndani, mlango ukajifunga. Kle! Ikitembea tena kidogo, anatoka tena. Mjomba hakuweza kumwona vizuri, lakini aliinamisha sikio, na kila mlango ulipogonga alitabasamu peke yake.

Alituwekea sheria moja. “Mabehewa mengine pakieni mnachotaka. La gadi halibebi mzigo.”

Sisi tulikuwa tunapakia mchele, tunaupeleka Dar es Salaam, yaani upande wa pili wa baraza. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu Fidelis kumi na miwili. Jumamosi moja mama alikuwa shambani Michenga, mjomba amejilaza, Fidelis amekwenda kisimani. Nikaona nafasi yangu imefika. Nikajaza mchele behewa la gadi, kwa mlango wake mdogo, punje kwa punje, hadi ukafurika. Nikatia ufunguo.

Gadi alitoka nusu, mkono juu, akakwama.

Nikamsukuma, akagoma. Nikamvuta, akagoma. Nikaumwaga mchele wote, nikarudisha treni mahali pake, nikaenda kucheza rede kama mtu asiye na habari.

Jioni mjomba aliitia treni ufunguo. Ikazunguka duara zima, na hakuna kilichogonga. “Mbona gadi wangu kanyamaza?” aliuliza. Mama, aliyekuwa ametoka kupalilia tangu alfajiri, hakuhitaji uchunguzi. Fidelis alikwisha kuonywa mara mbili kwa kukaza ufunguo kupita kiasi. Fimbo ya mpera ilikatwa, akachapwa. Hakukana, hakukiri, alilia tu. Mimi nilisimama kando ya mlango nikitafuna pindo la gauni.

Baada ya hapo mjomba hakuonekana tena barazani. Alikaa chumbani na lile behewa mapajani, akilipapasa. Siku ya tatu, nilipotoka shule, aliniita.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Njoo hapa. Wewe ndiye unayemtungia mama yako uzi kwenye sindano, si ndiyo? Basi leo niazime macho yako.”

Alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoinoa ncha, na kichupa cha mafuta ya cherehani. Alilipindua behewa, akatafuta kwa vidole vikucha vya bati vilivyoshika sakafu yake, akavinyoosha kimoja kimoja. Niliona kadiri alivyojizuia asiharakishe. “Kitu kilichokwama hakilazimishwi,” alisema. Sakafu ikatoka. “Haya, chungulia. Unaona nini?”

Niliona magurudumu mawili madogo yenye meno. Katikati yake, nyeupe pee, punje ya mchele.

Ningeweza kusema ni kutu. Ningeichokoa kimyakimya na yeye asingejua, kwa macho yale. Nilifikiria hivyo, sidanganyi. Lakini alikuwa amenielekezea uso, anasubiri, na amenikabidhi mimi kuona kwake.

“Naona punje ya mchele, mjomba.”

“Imefikaje humo?”

“Niliweka mimi.” Kilio kikanitoka. “Siyo Fide. Ni mimi.”

Hakufoka. Alinipa ile spoku. “Itoe basi. Taratibu.” Akanishika kifundo cha mkono, tukaichokoa pamoja. Punje ikatoka imekatika vipande viwili. Tone moja la mafuta, akazungusha gurudumu kwa dole gumba, na gadi akarudi ndani. Kle!

Mjomba alicheka, kisha akawa makini. “Limebaki moja. Nenda ukamwambie mama yako. Kwa hilo siwezi kukushika mkono.”

Mama alikuwa anapepeta. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka ungo chini. Nilijiandaa kwa fimbo, lakini alimwita Fidelis, akamwambia mbele yangu, “Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe.” Mzazi wa enzi zile kumwomba mtoto msamaha! Nilitamani anichape mimi yaishe.

Mjomba tulimzika kijijini Kisawasawa miaka mingi iliyopita, na treni iliishia kuliwa na kutu. Nisingeyakumbuka haya kama si wanangu. Mwezi uliopita mkubwa alipasua kioo cha simu yangu, na kabla sijauliza, mdogo wake alikuwa ameshaniletea video, yenye sauti na marudio ya polepole. Watoto wa siku hizi hata kushtakiana wanashtakiana kitaalamu.

Usiku huo nilimpigia Fidelis, anayeishi Mlimba. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakujitetea.

“Nilikuona,” alisema. “Nilikuwa nimerudi na ndoo, nimesimama nyuma ya jiko.”

“Uliniona? Na ukakubali kuchapwa?”

“Wewe ulikuwa mdogo. Na mama siku ile alikuwa na hasira.” Akaanza kuniuliza habari za mvua.

Siisifu fimbo, wanangu siwachapi, wala sitaki zile siku zirudi na kila kitu chake. Lakini nilipokata simu niliwatazama wale wawili, mmoja amenuna, mwingine ameshika ushahidi wake, nikawaonea huruma. Wana kila kitu tulichokikosa sisi. Sijui kama wanaye mtu wa kusimama nyuma ya jiko, akaona yote, akanyamaza.