Jibu Liko Baharini

Kasoki alikuwa amechoshwa na manowari ile kana kwamba imeegeshwa sebuleni kwake, pale Koekelberg, Ulaya. Jeshi la majini lilimpa bintiye Mignonne kazi ya rada kwenye meli ya makombora, kazi ya heshima, sawa. Lakini tangu siku hiyo mama mtu hajui mtoto yuko bahari gani. Akiuliza, jibu ni moja: "Maman, siwezi kusema." Yaani aliyembeba miezi tisa hajui, kapteni anajua. Kuna ramani ya simu inayoonyesha meli za dunia nzima, hata za kubeba ndizi, lakini hiyo ya Mignonne haionekani. Meli yote ile, inajificha kama mtoto aliyevunja sahani!

Sasa mahari ilipangwa Jumamosi. Mchumba ni Patient, kijana mpole, dereva wa tramu. Shemeji yake Kasoki, papa Anaclet, alitoka Butembo kuja kusimama mahali pa ndugu yake marehemu, babake Mignonne, na viza yake ilikuwa inaisha Jumatatu, siku ya ndege yake. Meli ilitakiwa kutia nanga bandari ya Zeebrugge Jumatano. Jumatano hiyo hiyo familia zikaandikiwa: kurudi kumeahirishwa, simu za mabaharia zimezimwa, tarehe mtajulishwa. Sababu? Siri. Kasoki aliisoma barua hiyo mara tatu, akasonya mara tatu.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umeshachukuliwa, samaki wamekaangwa, wageni arobaini wameketi. Na desturi inajulikana: kabla upande wa msichana haujagusa kitu, msichana anaulizwa mbele ya wote kama hao watu anawajua, na kama vitu vyao vipokelewe. Asipojibu, vitu vinabaki palepale.

Papa Anaclet alimvuta Kasoki pembeni.

"Bon, maman Mignonne, jibu si tunalijua? Mutoto anamupenda Patient. Sephora akae mu nafasi yake, ajibu, tumalize. Mi niko na avion lundi."

Sephora, binamu yake Mignonne, alikuwa tayari anafungwa kitenge. Kasoki alikuwa amechoka, miguu inamuuma, na kusema kweli naye alitaka yaishe. Akarudi kukaa.

"Mutoto wetu," papa Anaclet akaanza, amemgeukia Sephora, sauti imejaa ukumbi, "hawa bantu unawajua?"

Hapo moyo wa Kasoki ukagoma. Alipokuwa na miaka ishirini alikuwa Goma, shule ya uuguzi. Aliporudi nyumbani likizo alikuta mbuzi wa mahari yake wameshafungwa uani. Shangazi alikuwa amejibu kwa niaba yake. Mume alikuwa mwema, Mungu amlaze pema, na pengine yeye mwenyewe angekubali. Lakini hakuna aliyemuuliza, na jambo hilo lilimuuma miaka yote bila kumwambia mtu.

Akasimama. "Papa Anaclet, munisamehe. Mwenye kujibu hayuko."

"Unatuaibisha mbele ya bantu juu ya bateau, juu ya meli?"

"Juu ya mutoto wangu."

Basi, ikawa hivyo. Vitenge, masufuria na suti ya baba mkubwa vikarudi garini kwa kina Patient. Samaki waliliwa kimya. Jumatatu papa Anaclet akapanda ndege bila kuaga, na Patient akaacha kupokea simu za Kasoki.

Siku ya tisa tangu Jumamosi ile Kasoki alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee, anamlisha bibi mmoja supu, simu ikalia. Mignonne. Meli imefika.

"Maman, mahari mulifanya?"

"Tungefanya na nani?" Kasoki akafunguka. "Baba yako mukubwa amenuna, Patient hanijibu, parokia nzima inanisema, yote juu ya hiyo meli yako isiyojulikana iko wapi. Nilikataa Sephora akujibie. Umefurahi sasa?"

Mama akasikia Mignonne anavuta kamasi.

"Asante, maman. Kule nilikuwa naogopa nitakuta mumepokea. Mi nilitaka kusema hapana."

Kasoki akaweka kijiko chini. Wageni arobaini. Samaki wote wale. Na yule kijana, masikini.

"Maman, umwambie Patient, tafadhali. Mi sitaweza."

"Hapana," akasema Kasoki. "Shika treni, uje umwambie wewe. 'Ndiyo' yako sikuruhusu mutu aiseme kwa niaba yako, na 'hapana' pia utaisema kwa kinywa chako."