Mbu Mwenye Damu ya Mama Mkwe

Nestory wa Butimba hajui kuua mbu kama watu wengine. Wewe na mimi tunapiga kofi, yamekwisha. Yeye lazima kwanza amtambue. Ndiyo kazi yake, mwaka wa kumi na tisa sasa: anawafyonza mbu kwa mrija, anawatia kwenye kikombe cha karatasi, halafu anawatenganisha kwa darubini, na vikombe vingine hulala nyumbani kwake. Mbu wa nchi hii, husema, wana koo nyingi kuliko makabila yetu, na kumwita kila mmoja "mbu" tu ni kukosa adabu. Mimi ni jirani yake wa ukuta mmoja. Mhadhara huo umenichosha.

Mama mkwe wake naye alichoka. Kule kwake Nansio, watu wakimuuliza mkwe anafanya kazi gani, alijibu yuko kwenye biashara ya sangara. Mwaka juzi akapanda meli kuja kumchukua binti yake Bernadeta, na wala hakuficha. Alikaa uani, mkoba mapajani.

"Kesho tunaondoka," akasema. "Sikuzaa mtoto aje alale nyumba moja na mbu wa kufugwa."

Nestory alisimama mbali, kama mkwe anavyotakiwa. Kwao mama mkwe haguswi, hata kwa bahati mbaya. Ukimgusa kuna kikao, kuna mbuzi, na kuna aibu ambayo mbuzi haiondoi. Hata hivyo hakuondoka pale uani. Anampenda Bernadeta kupita kiasi, mimi nasema wazi.

Ilikuwa saa moja jioni. Mbu akatua shingoni mwa mama.

Mimi nilikuwa naosha vyombo hapo hapo uani, mikono ina povu. Nikanong'ona, "Shemeji, mpige!"

"Nitampigaje mama?"

Akainama, akakodoa macho. Nilijua anatafuta nini. Mbu akikaa amelala sambamba na ngozi, huyo ni kuleksi, si wa malaria. Akibinua makalio juu, ni anofelesi.

"Amebinua," akasema.

Akaweka mrija mdomoni, mkono mmoja mgongoni kama mhudumu wa harusi, akanyata. Akafyonza. Mama akageuka, akamkuta mkwe yuko hatua moja tu, mrija mdomoni.

"Umenigusa?"

"Hapana, mama. Hata mrija haukufika."

Niliapa kwamba ni kweli. Nestory, kwa mazoea, akamtia kwenye kikombe, akaandika juu yake: anofelesi, jike, ameshiba; mahali, shingo ya mama mkwe.

Mama akamtazama yule mbu, tumbo jekundu. "Hiyo damu ni yangu?"

"Ni yako, mama."

"Sasa unamfanyaje?"

"Huwa tunawaua, halafu..."

"Unaua damu yangu?"

Mama akampigia simu kaka yake, mzee Venant, na baada ya ubishi wa saa nzima ikaamuliwa: mbu hauawi, atafugwa mpaka ajifie.

"Na wewe ukiwa kazini, nani atamwangalia?" mama akauliza. Akaguna. "Basi Bernadeta atabaki."

Bernadeta akabaki, akawa anamlisha pamba yenye maji ya sukari. Mbu alikufa siku ya kumi na nane. Mama hakuambiwa.

Mpaka leo hupiga simu kila Jumapili. "Yule wangu hajambo?"

Na Nestory, ambaye hajawahi kuandika uongo kwenye kikombe hata kimoja, humjibu, "Hajambo, mama. Anakusalimia."